Opera ya watoto Dodoma: asiyeelewa lugha awe mgeni

Marekani kampuni za opera zina desturi ya kupeleka shuleni michezo mifupi ya kuimbwa. Waimbaji wanne au watano, kinanda kimoja, mapambo yanayokunjwa na kuingia kwenye gari dogo, na hadithi inayokwisha kabla watoto hawajaanza kufinyana. Hadithi mojawapo inayopendwa humo ni ya familia iliyohama, na unaijua hata kama hujawahi kuiona. Baba na mama wamefika mji wa watu. Bibi bado anaota kijiji alichokiacha. Mtoto anaiogopa siku ya kwanza shuleni kwa sababu hajui lugha. Nyumbani wanaimba Kihispania, darasani wanaimba Kiingereza. Anapatikana rafiki, inafanyika sherehe, na mwishoni lugha mbili zinakutana kwenye wimbo mmoja. Watoto wa wahamiaji waliokaa chini kwenye sakafu ya ukumbi wanaisikia lugha ya mama zao ikiimbwa na watu wenye sauti za kutikisa bati. Watoto wenyeji wanaondoka na maneno mawili matatu mapya.

Sina ugomvi na hadithi hiyo, huko kwao. Nina ugomvi na wazo la kuibeba kama ilivyo na kuishusha Dodoma, eti kwa kuwa nasi tuna mji uliojaa waliohamia. Wahamiaji tunao, tena wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa kutoka Dar es Salaam ulikuwepo tangu 1973, ukalala zaidi ya miaka arobaini, mpaka Julai 2016 Rais John Magufuli aliposema sasa tunahama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huohuo, wizara zikafuata, na malori yakaanza kushusha makabati, friji na watoto waliozaliwa Temeke na Kinondoni za Dar es Salaam, katika mitaa ya hapa: Kisasa huku, Ilazo kule, Iyumbu na Nkuhungu.

Basi mwangalie mtoto huyo wa Temeke aliyeshushwa Ilazo. Anahitaji kujifunza lugha gani ili aishi? Hakuna. Shuleni ni Kiswahili, na kama wazazi wana uwezo ni Kiingereza. Dukani Kiswahili, daladala ya Jamatini Kiswahili, ibada Kiswahili. Anaweza kumaliza shule ya msingi yote hapa bila kujua hata kuitikia salamu ya Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa. Anayepata taabu ya lugha ni mwenzake aliyetoka Mvumi au Handali kuja kukaa kwa shangazi mjini, anayefungua mdomo darasani na lafudhi yake ikachekwa. Huyo hakuvuka mpaka wa nchi wala wa mkoa. Yuko kwao, na bado ndiye anayeonekana mgeni.

Yupo na wa tatu, ambaye hakwenda popote. Familia yake ilikuwa na shamba la uwele na mtama pembezoni mwa mji, kisha wakaja wapima na vigingi vyao. Mji ndio uliomhamia. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA tuliyoizoea, iliundwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, na kwa miaka mingi malalamiko ya viwanja yalikuwa wimbo wake wa kila siku. Ukitunga opera ya watoto kuhusu maisha mapya Dodoma na familia ya namna hii isionekane jukwaani, umetunga tangazo la kampuni ya nyumba.

Kwa hiyo huku mambo yamepinduka. Katika hadithi ya Marekani mgeni ndiye mnyonge wa lugha, naye mwenyeji ana ile ya shule na ya serikali. Hapa mgeni ndiye aliyekuja na lugha ya ofisini, na lugha ya mwenyeji ndiyo inayorudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka sokoni kwenda uani, kutoka uani kwenda kitandani kwa bibi. Tukiuchukua mfano wa nje bila kuugeuza, tutampa mtoto wa Dar es Salaam nyimbo zote za huzuni na za ujasiri, na watoto wa Kigogo tuwapange nyuma yake wawe kiitikio cha kumkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Ila mwenyeji naye ana la kusema.

Suala la nani aimbe lugha gani si la kiufundi tu, na limewahi kuonekana wazi zamani sana. Opera za lugha mbili si uvumbuzi wa juzi. Mtunzi Mjerumani Handel alipotoa opera yake ya kwanza, Almira, mjini Hamburg mwaka 1705, sehemu kubwa iliimbwa Kijerumani na nyimbo kadhaa zikaachwa katika Kiitaliano, na hakuna aliyeona ajabu. London kulikuwa na kituko zaidi. Waimbaji wa Kiitaliano waliletwa, wakaimba kwa lugha yao, na Waingereza wakawajibu kwa Kiingereza humohumo. Machi 1711 mwandishi Joseph Addison aliandika gazetini akiwadhihaki: mfalme au shujaa aliongea Kiitaliano, na watumwa wake wakamjibu Kiingereza. Baadaye, anasema, watazamaji walichoka kuelewa nusu ya mchezo, wakaona heri wote uwe katika lugha wasiyoijua, wasijisumbue kufikiri.

Addison alikuwa anatania, lakini aligusa penyewe. Kwenye jukwaa la lugha mbili, mtazamaji wa miaka saba anamtambua bosi kabla hajaelewa neno. Anatazama lugha ipi inatoa amri na ipi inapokea. Ipi inafumbua tatizo na ipi inapiga vigelegele.

Sisi tumeshajizoeza mgawanyo huo bila opera. Mwanasiasa anapanda jukwaani Chamwino au Bahi, anapaza sauti "Mbukwenyi!", umati unaitikia kwa furaha, kisha hotuba nzima inakwenda kwa Kiswahili. Kigogo kimeshafanya kazi yake, ambayo ni kufungua mlango. Kwenye mahafali za shule ni vilevile. Kabla mgeni rasmi hajafika, kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, huwa nyuma ya darasa wamekoka moto wa nyasi kavu, wanauzungusha uso wa ngoma juu ya ule moto mpaka ngozi ikaze, mmoja anaigonga kwa vidole, anatikisa kichwa, anairudisha motoni. Gari likitokea wanasimama, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, viganja viwili vinashuka, mabega yanatikisika na shanga zake. Simu zinatoka mifukoni. Dakika nane hivi, mgeni anatunza noti, kina mama wanatoka, na ratiba "yenyewe" inaanza. Wale kina mama wameimba maneno marefu, yenye mzaha na pengine yenye kumsema huyohuyo mgeni rasmi, na nusu ya waliokaa kwenye hema hawajui walichoambiwa.

Opera ya watoto ninayoitaka ingemnyima raha hiyo yule asiyejua Kigogo. Ningeanzia kwenye korongo. Kila mtu wa Dodoma anajua makorongo yetu: miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, uwanja mzuri wa mpira, kisha masika mvua inanyesha mbali huko juu, ulipo wewe jua linawaka, na maji yanakuja kwa mara moja. Weka watoto sita wanacheza mchangani, mmoja wao amehamia wiki hii. Bibi wa jirani, kutoka ukingoni, anaimba onyo kwa Kigogo. Watano wanakimbia. Mmoja anabaki na mpira mkononi, anashangaa mchezo umeharibikia wapi.

Siandiki hapa maneno ya bibi. Hiyo ni kazi ya bibi wa kweli, na tamaa ya kumwandikia maneno yake ndiyo inayoharibu kazi nyingi za namna hii. Ninachojua ni kwamba pale Kigogo hakipambi chochote. Asiyekielewa anaweza kufa maji. Na watoto wa Kisasa na Area D waliokaa kwenye viti watakuwa wamebaki mchangani pamoja na yule mwenzao, maana nao hawakuelewa. Nisingeweka tafsiri ukutani. Mtindo wa kurusha tafsiri juu ya jukwaa ulianza Toronto mwaka 1983 na umewasaidia watu wazima wengi, lakini kwa mtoto wa darasa la pili ni mtihani wa kusoma gizani, na kwa eneo hili ungeua kitu kizima. Acheni wasielewe kwa dakika tatu. Kisha bibi airudie, watoto waitikie kwa Kiswahili, na maana iingie kwa mlango huo.

Hapo muziki wenyewe unatusaidia kuliko tunavyodhani, kwa sababu uimbaji wa Wagogo umezoea mwenye kuanzisha na wenye kuitikia, sauti moja ikipanda juu ya nyingine, kila mtu na mstari wake. Mwanzishaji akiwa na Kigogo na kiitikio kikiwa na Kiswahili, mtoto anapata tafsiri bila mtu yeyote kusimama kutafsiri. Katika eneo linalofuata unageuza: mtoto mgeni anaanzisha kwa Kiswahili, wenyeji wanamjibu kwa Kigogo. Na siku anapokosea kiitikio, wenzake wamcheke, maana ndivyo ilivyo.

Lakini kuna mtego mmoja ambao watu wa kwaya watanielewa upesi. Kinanda cha umeme. Shule yoyote ikisema inaandaa mchezo wa muziki, cha kwanza kinachotafutwa ni kinanda na spika. Uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti za asili, zile zinazotoka kwenye waya mmoja unapotetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Ile ya saba katika mfuatano huo iko chini ya kitufe cha kinanda kilicho karibu nayo, kwa takriban theluthi ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua kati ya kitufe na cha jirani yake. Kwa maandishi inaonekana kitu kidogo. Masikioni ndiyo tofauti kati ya wimbo wa bibi na wimbo wa redio. Ukimwekea bibi kinanda chini ya sauti yake, ama yeye ataonekana anaimba ovyo, ama atajirekebisha taratibu kufuata vitufe, na ukimaliza mazoezi huna tena ulichokiendea.

Basi msingi uwe marimba ya Kigogo, ilimba, na zeze. Mtu ambaye hajawahi kuishika ilimba kwa karibu atafute mtu amwonyeshe tundu dogo kwenye ubao wake lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaoipa ule mvumo wa nyuki chini ya kila noti. Ukichanika, fundi anakwenda kubandua mwingine ukutani. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia bila kuziomba radhi kwa piano, na Chamwino kumekuwa na tamasha la muziki wa Wagogo kwa miaka sasa ambako utakuta vikundi vya vijijini vyenye watoto ndani yake. Wapigaji wapo. Anayekosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba safari hii wao ndio okestra.

Houston, Marekani, walilielewa hilo. Mwaka 2010 kampuni ya opera ya mji huo ilitoa Cruzar la Cara de la Luna, kazi ya familia iliyogawanyika kati ya Mexico na Marekani, kwa Kihispania na Kiingereza. Si ya watoto, lakini ina somo. Muziki alitunga José "Pepe" Martínez, mtu wa mariachi, muziki wa kienyeji wa Mexico, na badala ya kuchomeka mariachi wawili watatu ndani ya okestra ya kizungu, bendi ya mariachi ndiyo iliyobeba kazi nzima. Hapo wahamiaji walikuwa na nyumba yao ndani ya opera. Hawakukaribishwa sebuleni kwa mtu.

Na asije mtu akaniambia opera inahitaji jumba. Mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alipotoa Noye's Fludde mwaka 1958, habari ya Nuhu na gharika, aliipeleka kanisani Orford, Suffolk, akajaza jukwaa kwa watoto wa shule za jirani, na mlio wa matone ya mvua ukatoka kwenye vikombe vya chai vilivyotundikwa kwenye kamba na kugongwa kwa kijiko cha mbao. Waumini waliokaa kwenye mabenchi waliimba nao. Sisi tuna debe, tuna njuga, tuna miti ya kutosha kivuli, na tuna miezi ya kiangazi ambapo hakuna mvua ya kuharibu ratiba.

Hata jukwaa la mashairi ya kujibizana tunalo, na lina asili ya hapahapa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917, ndiye aliyezisimamisha ngonjera zikaenea nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Wawili wanabishana kwa beti, mmoja haelewi, mwingine anamwelewesha. Kimsingi hiyo ni nusu ya opera, imekosa muziki tu. Bahati mbaya tumeichakaza. Mtoto wa darasa la nne leo ukimwambia ngonjera anajua ni kusimama mstari, kunyoosha mkono kwa mgeni rasmi na kumshukuru kwa madarasa. Tena mabishano ya ngonjera huwa yamekwisha kabla hayajaanza: asiyeelewa lazima aelewe beti ya mwisho. Naogopa opera yetu isirithi ugonjwa huo. Naiona kabisa: eneo la mwisho, watoto wote wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba kuhusu umoja na mazingira. Watoto waliokaa chini watakuwa wameshaanza kufinyana.

Sasa niseme jambo ambalo litaudhi wazazi wenzangu. Ukitangaza Dodoma leo kwamba kuna opera ya watoto ya lugha mbili, mzazi wa kawaida atadhani ni Kiswahili na Kiingereza, na atalipa kiingilio kwa sababu hiyo. Kiingereza ndiyo lugha ya pili tunayoihesabu. Ukimfafanulia ni Kiswahili na Kigogo atauliza, kwa heshima, kitamsaidia nini mwanawe. Hilo ni swali halali. Jibu langu ni fupi: kitamsaidia kujua amehamia wapi. Watoto wengi wa Dar es Salaam walikuja hapa tayari na utani midomoni, ule wa Wagogo na kuombaomba, waliousikia kwa watu wazima. Hotuba ya maadili haitautoa. Dakika tatu za kusimama korongoni bila kuelewa zinaweza kuutikisa.

Pingamizi zito zaidi ni la ukabila, na silipuuzi. Wengi wetu wa umri fulani tunakumbuka fimbo ya kusema lugha ya nyumbani shuleni, na waliotuchapa hawakuwa wabaya. Waliamini wanajenga taifa, na taifa lilijengwa kweli. Kiswahili ndicho kinachonifanya niandike haya na asome mtu wa Mtwara. Pia Dodoma si ya Wagogo peke yao. Kondoa kuna Warangi, Chemba kuna Wasandawe na lugha yao ya vidoko, Kongwa kuna Wakaguru, na mjini wapo Wahindi waliokuja na reli tangu enzi za Wajerumani. Ukianza na Kigogo, wengine watauliza zamu yao lini. Waulize tu. Kondoa watunge ya kwao, yenye Kirangi, na ya Wasandawe ningepanda basi kwenda kuiona hata kama ingekuwa na waimbaji watatu. Nisichokubali ni kuchanganya lugha tano ndani ya mchezo mmoja ili kila kabila lipate beti moja. Hiyo inaitwa gwaride.

Fedha nitazipitia haraka maana hazina siri. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, na mkopo unafaa kwa anayeuza tiketi au albamu. Opera ya shule haiuzi kitu, kwa hiyo aidha halmashauri iilipie kama inavyolipia mashindano ya michezo, aidha isifanyike. Gharama ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo, walimu wanatafuta cha kufundishia, na treni ya umeme iliyofika hapa 2024 inaweza kuleta mwongozaji kutoka chuo cha sanaa cha Bagamoyo kupitia Dar es Salaam bila kulala njiani.

Ninachokitilia mkazo ni mpangilio wa nani analipwa kwa kazi gani. Kwa mazoea yetu mtunzi mwenye cheti ndiye ataandikwa mtunzi, na kina mama wa muheme wataingizwa kwenye bajeti chini ya burudani: nauli, wali, soda. Kisha wimbo wao utarekodiwa, utapigwa kwenye redio na matamasha, na jina litakalokaa chini yake ni la yule mwenye cheti. Bibi akitoa onyo la korongo, sauti na maneno ni mali yake. Kabla ya zoezi la kwanza aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au COSOTA wamfuate kijijini, asajiliwe mtunzi mwenza kwa jina lake kamili, na asilimia yake iandikwe kwenye mkataba anaosomewa kwa Kigogo.